Hoja za Kampuni Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimeumbuka.

Sitanii. Nimeumbuka hadi nimejionea huruma mwenyewe. Nawaandikia kutoka intaneti kafe ya hapa mjini Songea, vumbi la Namtumbo bado limo masikioni, na dada anayesimamia mashine ameshaniuliza kama nimefiwa. (Nimemwambia ndiyo. Hakuna tofauti kubwa.) Nawaandikia nyinyi tuliosoma wote ukutubi kwa sababu kilichoniponza ni ukutubi wenyewe. Someni taratibu. Halafu kama mna roho, msicheke.

Mnakumbuka niliwaambia nimepeleka posa? Mchumba anaitwa Skola. Baba yake ni Mzee Fidelis, mkulima wa tumbaku kijijini huko upande wa Namtumbo, mtu wa kanisani, hasemi sana. Alipopokea posa hakukataa wala hakukubali. Alimwambia mshenga wangu, "Tumbaku yangu ikishanunuliwa, njooni mchukue jibu. Siwezi kukaribisha wakwe nyumba haina hata viti."

Sasa tumbaku hainunuliwi! Tangu mambo yawe soko huria, kampuni inayokuja kijijini ni moja tu, na mwaka huu imeipanga tumbaku yote daraja la chini kabisa. Wakulima wamegoma kuuza. Marobota yamelala kwenye ghala la chama cha msingi, na jibu langu limelala humo humo. Kila nikipita sokoni nikaona mtu anavuta sigara, moyo unaniuma.

Ndipo Mungu akafungua mlango. (Nilidhani ni Mungu.)

Siku hizi makao makuu ya maktaba wametuletea utaratibu kwamba mbunge akihitaji utafiti kwa ajili ya hoja zake, anaweza kupita maktaba ya mkoa, na sisi tunamtafutia. Mheshimiwa mmoja wa huku kwetu akaja maktaba. Mwenyewe kabisa! Akasimama kaunta, akasema anataka kuishika kampuni ya tumbaku kooni. Ataanzia kijijini, mbele ya wakulima na afisa wa kampuni, halafu atapeleka hoja Bungeni. Anahitaji mtu wa kumwandalia karatasi.

"Wapi huko kijijini, Mheshimiwa?"

Akataja. Kijiji cha Skola.

Jamani, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nikaona kabisa picha nzima. Naandika karatasi kali, kampuni inanywea, tumbaku inanunuliwa, viti vinapatikana, naoa. Kumbe!

Mkuu wangu wa kazi ni Mama Yustina. Mama mpole, lakini kwa kazi hana mchezo. Nilipompelekea rasimu akaisoma, akavua miwani.

"Beno, hii ni karatasi ya wakulima. Ya kampuni iko wapi?"

"Mama, Mheshimiwa anawatetea wakulima."

"Hayo ni yake. Sisi hatumwambii mbunge aseme nini. Tunamwekea ya huyu na ya yule, achague mwenyewe. Akisimama bila kujua kampuni itajibu nini, atakatwa kauli mbele ya watu. Nenda kwa kampuni ukawasikilize. Na uyaandike vizuri kama ulivyoyaandika haya."

Hilo la mwisho ndilo lililoniua. Kwa sababu niliyaandika vizuri.

Nilikwenda ofisi ya kampuni hapa mjini. Bwana mmoja wa pale akanipa chai, akanimwagia malalamiko yake yote. Kwamba wakulima hawapangi majani vizuri. Kwamba wanamwagia maji tumbaku ili iwe nzito. Kwamba kwenye soko la kwanza la msimu huu, katika kijiji hicho hicho, robota moja lilipofunguliwa lilikutwa na jiwe la kusagia katikati.

"La nani?" nikauliza.

"La mzee mmoja. Jina tuliache, alishaona aibu ya kutosha. Ila mshono wenyewe naukumbuka. Wenzake wote wanashona kwa katani, yeye kashona kwa uzi mwekundu wa kufumia."

Nikaandika. Na kwa kuwa mimi ni msomi (mniruhusu nijicheke), nikaongeza sentensi yangu mwenyewe: "Kwa kulinda heshima ya mkulima huyo, jina lake halitatajwa." Nikaona nimefanya jambo la kistaarabu sana. Mama Yustina naye akasifu.

Halafu nikapanga karatasi. Kurasa za mwanzo, wakulima wanazungumza wenyewe: "Sisi tunaolima tumbaku." Kurasa za nyuma, kampuni inazungumza yenyewe: "Sisi tunaonunua tumbaku." Katikati sikuweka kichwa cha habari, maana yote niliyaeleza kwenye karatasi ya mbele kabisa. Karatasi hiyo ilikuwa na muhuri wa maktaba, muhuri mkubwa wa zambarau. Ilieleza wazi hoja za nani zinaanzia wapi, na kwamba Mheshimiwa achague atakazozitumia.

Karatasi ya mbele! Nani kwenye nchi hii anatunza karatasi ya mbele?

Leo asubuhi Mheshimiwa amenipitia nyumbani Mjimwema. Alikuwa ameingia Songea jana usiku, macho mekundu kwa safari. Nikamkabidhi karatasi zangu. Akazipima kwa mkono kama mtu anayepima nyama, akasema, "Safi, nzito," akampa dereva aziweke mbele. Mimi nikapanda nyuma.

Mnajua baridi ya huku mwezi huu. Nilivaa sweta jipya alilonifumia Skola. Zuri kwelikweli, jekundu, kola yake imesimama. Nilitaka mzee anione nimelivaa.

(Ndiyo. Jekundu. Nyinyi mmeshaelewa. Mimi nilipiga taipu habari za uzi mwekundu nikiwa nimelivaa sweta hilo hilo, na kichwani hakikupita kitu. Na huyu ndiye mliyempa zawadi ya mwanafunzi bora wa somo la utafiti.)

Njiani tulisimama Mheshimiwa asalimiane na watu, dereva akanunua karanga. Karanga zilikuwa kwenye bakuli, muuzaji hana cha kufungia. Sikuangalia dereva alifungia nini. Nilikuwa nawaza suti ya harusi.

Tulipofika, watu wamejaa uwanja wa ofisi ya kijiji. Wakulima wamekaa kwenye nyasi, akina mama upande mmoja, afisa wa kampuni peke yake kwenye kiti akiwa na miwani ya jua. Mzee Fidelis alikuwa mbele kabisa na koti lake la Jumapili. Nikamwendea, nikainama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Nasikia maneno ya leo umeyaandika wewe."

"Ndiyo baba."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hajawahi kunishika hivyo. "Vizuri," akasema. "Tumekusubiri." Na Skola alikuwa kule kwa akina mama, ananiangalia na lile sweta, anacheka kwa macho. Nawaambieni, kwa dakika hizo chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoa wa Ruvuma.

Mheshimiwa akasimama. Kabla hajaanza kusoma akasema, "Ndugu zangu, mimi sikuja na maneno ya barabarani. Nimekuja na utafiti! Na mtafiti mwenyewe huyu hapa. Kijana, simama wakuone!"

Nikasimama. Makofi. Vigelegele. Nikapunga mkono, mshamba mkubwa mimi. Na hapo Mzee Fidelis, yule mtu asiyesema, akainuka kidogo kwenye nyasi, akawageukia watu na kusema kwa sauti, "Huyo ni mkwe wangu!"

Mama yangu! Mbele ya kijiji kizima! Jibu la posa limetoka hata tumbaku haijauzwa! Vigelegele vikapanda mara mbili. Skola akajifunika uso na kanga. Mimi nikabaki nimesimama, kwanza kwa raha, pili kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae.

Mheshimiwa akaanza. "Sisi tunaolima tumbaku, jua letu, mvua yetu..." Jamani, anajua kusoma yule bwana! Kila sentensi yangu aliipa mbawa. Aliposoma habari za mizani ambayo mkulima haruhusiwi kuisogelea, watu wakapiga kelele, "Kweli!" Aliposoma habari za madaraja yanayopangwa na mnunuzi peke yake, babu mmoja akatupa kofia juu. Afisa wa kampuni akavua miwani ya jua, akaanza kujipangusa. Nikasema moyoni, leo tumemweza.

Mheshimiwa akalamba kidole. Akafunua ukurasa.

"Sisi tunaonunua tumbaku," akaunguruma, "tumevumilia vya kutosha!"

Makofi! Watu wakapiga makofi, maana sauti ilikuwa ile ile na mkono umepigwa mezani vile vile. Mimi peke yangu sikupiga.

"Tunaletewa majani mabichi! Tunaletewa majani yaliyomwagiwa maji!"

Makofi yakapungua. Mama mmoja alikuwa bado anapiga vigelegele peke yake, jirani yake akamgusa bega.

"Eti yeye ndiye ananunua?" mtu akauliza nyuma yangu.

"Kumbe kampuni ni ya kwake!" mwingine akamjibu.

Nikamtazama dereva, labda anisaidie. Dereva ameegemea gari, anatafuna karanga, na kifungashio alichoshika kina muhuri mkubwa wa zambarau.

Nikajaribu kumwashiria Mheshimiwa. Nikatikisa kichwa. Nikapunga mikono. Nikakohoa hadi koo likauma. Akaniona! Akatabasamu, akawaambia watu, "Mnamwona kijana? Ana uchungu na jambo hili!" Akaendelea kwa nguvu zaidi. Nikasema kwa sauti, "Mheshimiwa, naomba..." Mwenyekiti wa kijiji akanikemea, "Kijana, mwache Mheshimiwa amalize!"

Jamani, nifanye nini? Nimnyang'anye karatasi? Nizimie? (Nilijaribu kuzimia. Kumbe hakuji kwa kutaka.)

"Na katika kijiji hiki hiki," Mheshimiwa akasoma, taratibu sasa, maana sehemu hiyo niliiandika kwa ufundi, kila sentensi fupi, "soko la kwanza la msimu huu, robota moja lilifunguliwa. Ndani yake lilikutwa jiwe. Jiwe la kusagia!"

Kimya. Kimya cha ajabu. Hata watoto waliacha kusukumana. Baadaye ndio nimeelewa kimya kile. Kijiji kizima kilikuwa kinaijua habari hiyo, na walikuwa wamekubaliana isitoke nje ya kijiji. Asiyeijua nilikuwa mimi tu.

"Robota hilo halikushonwa kwa katani kama mengine. Lilishonwa kwa uzi mwekundu wa kufumia!"

Nikaona vichwa vinageuka. Havikumgeukia Mheshimiwa. Vilinigeukia mimi niliyesimama katikati ya uwanja. Wakaangalia kifua changu, mikono yangu, kola yangu iliyosimama. Nikajiangalia na mimi. Na hapo, wenzangu, ndipo kichwa changu cha msomi kilipofanya hesabu. Kijiji kile anayefuma ni mmoja.

"Kwa kulinda heshima ya mkulima huyo," Mheshimiwa akamalizia kwa huruma, "jina lake halitatajwa."

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu, kicheko kifupi, akakimeza. Afadhali wangecheka wote.

Mzee Fidelis aliinuka, akakung'uta nyasi kwenye suruali, akatoka uwanjani akipita mbele yangu. Hakuniangalia. Nikatamani anipige.

Afisa wa kampuni akaomba nafasi. Akamshukuru Mheshimiwa kwa kuwa mkweli. Akasema hajawahi kusikia matatizo ya kampuni yakielezwa vizuri namna ile, na kwa kuwa hata mbunge wao ameyaona, madaraja yatabaki yalivyo. Akaomba apewe nakala. Wakulima wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Ghala limefungwa na tumbaku yao humo ndani.

Mheshimiwa akaniita pembeni, jasho linamtoka, ameridhika mno.

"Kijana, imekwenda vizuri. Mwishoni wameguswa, umeona walivyonyamaza?"

"Mheshimiwa, zile kurasa za nyuma ni hoja za kampuni."

"Kampuni gani?"

"Ya tumbaku. Zilikuwa za wewe kujiandaa tu. Ilielezwa kwenye karatasi ya mbele."

Akazitazama zile karatasi, akanitazama mimi. "Sasa mbona kote umeandika sisi?" Akazikunja, akazitia mfukoni, akasema polepole kama anayejisemea, "Bungeni itabidi nisome nusu." Halafu akaingia kwenye gari na kufunga mlango.

Nikaenda kwa Mzee Fidelis. Nilijua sitakiwi, lakini ningerudije mjini bila kwenda? Alikuwa amekaa mbele ya bani lake la kukaushia tumbaku, ameshavua koti la Jumapili. Nikapiga magoti, mtu mzima na cheti changu.

"Baba, sikujua kama ni wewe. Naapa."

"Nani alikuambia?"

Na hapa, wenzangu, mnitukane mnavyotaka. Mdomo wangu ulijibu wenyewe, kama tulivyofundishwa: "Baba, aliyenipa habari siruhusiwi kumtaja."

Akatikisa kichwa taratibu. "Jina la mtu wa kampuni unalificha," akasema. "Mimi umenitangaza kwa uzi." Akaingia ndani.

Skola akanisindikiza hadi njiani. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaanza kujitetea, kwamba mzee alifanya kosa lakini mimi simhukumu, kila mkulima ana shida zake, ile mizani nayo inajulikana...

"Jiwe nililiweka mimi," akasema.

Nikasimama.

"Baba alikuwa anaumwa mgongo. Marobota nilifunga mimi, nikashona mimi. Baba alisema jibu lako litatoka tumbaku ikiuzwa. Nikaona majani ni mepesi, haitatosha. Nikachukua jiwe jikoni." Alisema hivyo akiangalia chini, sauti ya kawaida kabisa. "Walipolifungua, baba akasema mbele ya watu wote ni lake, kalifunga yeye. Usiku ule aliwaendea majirani nyumba kwa nyumba, anawaomba wanyamaze."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema yeye ni mzee, wakimwita mwizi atazoea. Alichokuwa anaogopa ni kimoja tu, Beno. Ukweni wasisikie."

Akageuka, akarudi kwao.

Ndiyo hivyo. Muda wangu kwenye mashine umekaribia kwisha. Mnaotaka kucheka mcheke huko huko mliko, msiniandikie. Na kama kuna mmoja wenu anajua mtu anamwombaje msamaha mzee wa namna ile, aniandikie huyo peke yake.